Nilidhani Limezimwa

Same,
11 Januari 2025

Mpendwa Shangazi Devotha,

Shikamoo. Kuna jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, na nikianza na salamu zote nitafika mwisho wa karatasi bila kulisema, kama nilivyofanya jana mara mbili. Basi nalisema hapa juu: hukumsukuma Bibi. Gari la Baba Mdogo ndilo lililomsukuma, na aliyekuwa ndani ya gari ni mimi.

Nimeliandika. Sasa salamu. Sisi hatujambo. Bibi alirudi kutoka Moshi Jumatano, amelazwa chumbani kwangu na mimi nalala sebuleni. Nyonga wameifunga vyuma, wanasema atembezwe kidogo kidogo, lakini yeye hataki hata kukaa. Mama hajambo, anakusalimu (hajui kuwa naandika, ila angejua nadhani angekusalimu). Baba anashinda shuleni kwake anapanga madawati, wanafungua Jumatatu. Matokeo yetu ya kidato cha nne bado. Barua hii nampa mama Zaituni anayeleta samaki sokoni, amesema huko bwawani Nyumba ya Mungu mnakaa karibu. Simu yako haipatikani. Hata ingepatikana, simu ni ya Mama, halafu mimi kwa simu siwezi. Unanijua, hata nikitumwa chumvi dukani nasubiri wateja wote waondoke kwanza.

Wacha nieleze tangu mwanzo, uone kwamba sikukusudia.

Baba Mdogo Anderson alifika kutoka Dar tarehe 23 na gari lake jipya. Jipya kwake, maana limetoka Japani likiwa limetumika, lakini viti vilikuwa na nailoni bado na alitukataza kuitoa. Akasema ni haibridi, lina injini na betri, na lenyewe linajua wakati wa kutumia kipi. "Mafuta linakunywa kama kuku," alisema, "tone moja kisha linatazama juu." Baba akamjibu, "Tutaliona mlimani." Unajua Baba, gari lolote ambalo halijapanda kwenu mlimani, kwake si gari.

Tuliondoka kwenda kwa Bibi asubuhi ya tarehe 24. Lilipoanza kwenda Baba alikuwa bado anatafuta mkanda. Akauliza, "Mbona huwashi?" Baba Mdogo akacheka: "Tumeshaondoka, kaka, angalia dirishani." Kwa mbele kuna kioo kama cha televisheni ndogo, kinaonyesha mishale inatoka kwenye betri kwenda kwenye magurudumu, na mteremkoni mishale inageuka, inarudi kwenye betri. Sikuweza kuacha kuitazama. Kwenye kijiji cha Kisiwani mbuzi hawakutupisha kwa sababu hawakusikia kitu, na mchungaji wao aligeuka akakuta bampa iko kwenye goti lake, akaruka. Tulicheka sana. Mimi pia nilicheka.

Kupanda, injini iliwaka ikanguruma kama ya magari mengine. Kila jiwe lilipogonga tumbo la gari Baba Mdogo alikunja uso kama amegongwa yeye. Mama alikuwa anaomba kimyakimya, namjua kwa midomo. Lakini pale pa tambarare, juu, karibu na shule, injini ilijizima na tukawa tunateleza tu katikati ya migomba na ukungu, nikasikia hadi ndege. Nililipenda lile gari, Shangazi. Niliona linafanana na mimi, linafanya kazi yake na halisemi.

Uwanjani kwa Bibi alilisimamisha uso ukitazama migomba, mgongo ukielekea kule ukingoni ambako Bibi huanika tangawizi. Aliposhuka likalia, ti-ti-ti. Babu Loth, mzee wetu wa ukoo, akauliza hiyo nini. Baba Mdogo akasema, "Linaniaga." Watu wakafurahi. Baadaye nikagundua kwamba mara nyingine akishuka linalia na mara nyingine halilii, na hakuna aliyeuliza kwa nini. Sasa najua. Lilikuwa linalia alipolisahau bila kulizima. Injini ilikuwa kimya, basi hata yeye alidhani limezimwa.

Siku ya Krismasi tulirudi kutoka ibadani, Bibi alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya miguu. Baba Mdogo alisimamisha gari palepale, likamlilia, akasema "Linaniaga" kwa mara ya kumi, wanaume wakaenda nyuma ya nyumba kuchinja mbuzi. Wanawake jikoni. Wewe hukuwepo. Mabinti wa kwa Babu Loth walinizunguka kuniuliza mtihani ulikuwaje na kidato cha tano nataka kusoma nini, nikaenda kukaa ndani ya gari. Milango haikufungwa. Nikakaa kiti cha dereva. Taa za pale mbele ya usukani zilikuwa zinawaka kidogo lakini nilifikiri ni kama simu, ambayo huonyesha saa hata ukiiacha. Hakukuwa na mngurumo. Kwangu, gari lisilonguruma limezimwa.

Nikaigiza. Nikakanyaga kama anavyokanyaga yeye, nikavuta kile kirungu kidogo cha gia kama anavyovuta yeye. Ndani kukaanza kulia, nikadhani ni mkanda. Nikaondoa mguu.

Niliona migomba inasogea mbali. Nakwambia kweli, nilidhani ni migomba inayosogea. Halafu nikapapasa kwa miguu yote miwili, likasimama, nikabonyeza kitufe cha P, cha kuegeshea. Haikuzidi muda wa kusema Baba Yetu mpaka "ufalme wako uje".

Bibi alikuwa nyuma yake. Wingu lilikuwa limeshuka naye alikuwa anaanua tangawizi. Angesikia kitu angesogea. Nilimkuta chini ya ukingo, kwenye ngazi ya pili ya shamba, amelalia ubavu, ungo umefunika mkono wake. Alinitazama. Sijui kama aliniona nikitoka garini. Nikaita watu. Nilisema, "Bibi ameanguka." Maneno mawili na yote ni kweli, na tangu siku ile sijaongeza la tatu.

Tulimshusha kwa gari lilelile, miguu yake kwenye mapaja yangu. Katikati ya mteremko Baba Mdogo alisema, "Tunashuka bure kabisa, injini haijawaka," kwa mazoea tu.

Yaliyofuata unayajua. Huko Moshi Bibi alifumbua macho akasema kwa Kipare kwamba amesukumwa. Baba akamuuliza na nani, akayafumba. Kila mtu akakumbuka mkesha wa Krismasi, sauti zenu jikoni, wewe na Bibi. Na wewe hukuonekana mpaka jioni. Kwenye kikao cha ukoo, Babu Loth alipokuuliza mara tatu ulikuwa wapi, mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako na chupa ya chai. Nilijaza kikombe chako mpaka kikamwagika kwenye sahani. Ukasema, "Inatosha, mwanangu." Hayo ndiyo maneno pekee uliyosema siku ile, kisha wakakwambia usikanyage kwa Bibi mpaka utakapokubali kusema, ukachukua mfuko wako.

Sijui nifanye nini. Naomba uniambie.

Mimi mtoto wako,
Agape


Nyumba ya Mungu,
1 Februari 2025

Mwanangu Agape,

Marahaba. Mimi mzima, kifua tu kwa sababu ya moshi, tunakaanga perege kuanzia asubuhi na nguo zote zinanuka, hata karatasi hii utaisikia. Baridi ya kwetu hakuna huku, ni jua na vumbi na upepo wa bwawani. Watu ni wa kila mahali, wa Kigoma, wa Mara, wa Singida, hakuna anayekuuliza wewe ni mtoto wa nani. Nimeanza kupenda hilo.

Barua yako imenifikia lakini mama Zaituni aliibana chini ya ndoo ya barafu, imelowa, wino wote umetembea. Nilichoweza kusoma ni kwamba mama amelazwa chumbani kwako. Basi nisikilize vizuri.

Chai yake isiwe na sukari nyingi, hata akiomba. Makande myaponde, msimpe mazima, meno ya kushoto hayafanyi kazi na hawezi kuwaambia. Mgeuzeni ubavu mara kwa mara, msimwache upande mmoja kutwa. Ukitaka kumwosha mwambie kwanza unachotaka kufanya, ndipo ufanye, la sivyo anashtuka na akishtuka anakuwa mkali. Kilemba usikikaze. Asubuhi muwekee ibada ya redio, sauti ndogo, hata kama amelala, maana halali.

Nani anamsugua miguu? Mimi nilikuwa namsugua kwa mafuta ya taa kidogo na nazi. Mama yako hatapenda ile harufu, fanya wewe.

Nina meza yangu sasa ya kuuzia. Nimetengenezewa na Sylvester, fundi wa nyavu wa hapa. Anakusalimu.

Ya kikao tuyaache. Matokeo yakitoka niandikie. Hayo magari ya betri ya akina Anderson mimi sijayapanda na sitayapanda. Wewe soma.

Shangazi yako,
Devotha


Same,
22 Februari 2025

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Hali yetu ni ileile. Matokeo yametoka, nimepata daraja la pili. Baba alinunua soda na akasema "Devotha angefurahi," halafu akatoka nje kukagua geti ambalo halina shida yoyote. Namsugua Bibi miguu kila jioni. Mama amelalamika harufu siku mbili akaacha. Chai nampa kama ulivyosema, ananiita mchoyo.

Shangazi, mama Zaituni anasema barua yangu aliiweka kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunga. Na wewe mwenyewe umesema ulisoma kuhusu chumba tu, kisha mwishoni ukataja gari. Sikulaumu. Nataka tu ujue kwamba najua.

Nimemwambia Mama. Tulikuwa uani tunachambua maharage, nikaona nisipotazama uso wake nitaweza. Nikasema, "Mama, Shangazi hakumsukuma Bibi."

"Nani kakwambia?"

"Nilikuwa ndani ya gari. Lilirudi nyuma. Sikujua kama linawaka."

Hakuacha kuchambua. Alitoa kijiwe, akakitupa, akatoa kingine. Akauliza, "Umemwambia nani?"

"Shangazi. Kwa barua."

"Basi inatosha. Mwenye kesi ameshajua."

Nikamwambia Baba hajui. Ndipo aliponitazama. Akasema, "Baba yako na Anderson hawakusemezana miaka sita, Agape. Sita. Krismasi hii ndiyo ya kwanza wamekula sahani moja. Sasa aambiwe kuwa Anderson aliliacha gari linawaka, na binti yake ndiye aliyemvunja mama yao? Unajua utakachokiua humu ndani?"

Nikauliza, "Na Shangazi?"

Akasema, "Devotha amezoea," akachukua ungo akaingia ndani. Baadaye niliona amelia. Sisemi ili umchukie. Nasema kwa sababu tangu siku hiyo ananiwekea kipande kikubwa cha nyama na siwezi kukimeza.

Kwa Baba nilijaribu Jumapili iliyopita. Alikuwa anasahihisha madaftari. Nikasema, "Baba, ile siku ya Krismasi..." Akainua mkono. Akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akairudisha, akaivua tena. Akasema, "Usinitajie siku ile, mwanangu. Yule dada yangu ndiye aliyenibeba mgongoni kunipeleka darasa la kwanza." Halafu akaendelea kuweka alama, vema na kosa, vema na kosa, na nikaona anasahihisha daftari lilelile mara mbili. Nikarudi chumbani kwa Bibi.

Nilijaribu pia kumwandikia Baba kwa Kiingereza. Kwa Kiingereza nilimaliza yote katika mistari minne, ilikuwa kama zoezi la darasani, mtu fulani amefanya jambo fulani. Nilipoigeuza Kiswahili ikawa Bibi. Nikaichana.

Baba Mdogo ametuma kwenye kundi la simu la familia video ya gari akiwa Chalinze. Anaeleza jinsi betri inavyojichaji mteremkoni. Watu wameweka vidole gumba. Mama naye ameweka. Bibi akisikia sauti yake kwenye simu anageukia ukutani.

Sijui kama anajua. Hilo ndilo linalonitesa kuliko yote. Nikimlisha ananitazama, na mimi natazama kijiko.

Naomba uniambie la kufanya. Safari hii usiseme imelowa.

Agape


Nyumba ya Mungu,
16 Machi 2025

Mwanangu Agape,

Marahaba. Hongera kwa daraja la pili. Nimemwonyesha kila mteja barua yako, upande ule wenye matokeo, huku nimefunika kwingine kwa kidole. Nimechelewa kujibu kwa sababu mama Zaituni aliugua, na kwa sababu sikutaka kujibu.

Ndiyo, nilisoma. Ile ya kwanza nilisoma mara moja nikaitia jikoni chini ya karai. Unajua kwa nini? Kwa sababu ilikuwa inanifaa. Ningepanda gari kesho yake nikampelekea mzee Loth, nikamwambia haya, vaa miwani usome. Nilijijua ningeipeleka. Na mimi sitaki kutoka kwenye aibu kwa kumtoa mtoto wa kaka yangu kwa karatasi aliyoniandikia kwa siri. Basi nikaichoma kabla sijapata akili ya kuitumia.

Unaniomba nikuambie la kufanya. Wewe ulifikiri ukiniambia mimi utapumua. Mimi nilikuwa najua kwamba sikumsukuma mama yangu. Katika dunia nzima umemchagua mtu pekee ambaye hakuwa na haja ya kuambiwa. Halafu ukamwambia mama yako, ambaye hakutaka kuambiwa. Anayeamka kila siku akiamini dada yake alimtupa mama yake chini ya ukingo ni baba yako, na huyo ndiye hujamwambia.

Umeniuliza pia nilikuwa wapi, ingawa hukuuliza. Nilikuwa barabarani, pale pikipiki zinaposimama. Sylvester alikuwa amekuja kutoka huku, amevaa shati jipya na mche wa sabuni mkononi wa kumpa mama. Alikuwa amepanga kuja kusalimia. Usiku wa mkesha mama aliniambia kwamba mtu wa kuja, tena Mkatoliki, aliyeletwa huku na kazi ya mkonge, hatakanyaga uwanja wake akiwa hai. Ndizo sauti mlizosikia. Basi wakati ninyi mko ibadani nilikwenda kumwambia arudi, na nilipomwona amekaa kwenye jiwe na ile sabuni nikashindwa. Tulikaa mpaka jioni.

Kwenye kikao ningelisema hilo, wangemwita wamkague kama mbuzi wa mnadani. Na kuna jambo la pili. Nilimwacha mama peke yake na tangawizi, na wingu limeshuka. Angeniita nisaidie kuanua, ningekuwa nimesimama pale yeye aliposimama. Hilo ni langu. Mzee Loth aliponiuliza nilikuwa wapi, niliona jibu lolote nitakalotoa lina kosa langu ndani yake, nikatazama chai.

Usiniandikie tena mpaka baba yako ajue. Sisemi kwa hasira. Nikimwona mama Zaituni anashuka na lile kopo moyo unaruka, nafikiri leo wameniita nyumbani. Halafu nafungua, nakuta ni wewe unalia. Barua zako zinanipa matumaini na nimechoka kuyabeba.

Mgeuze mama kila baada ya saa mbili. Umwambie nini? Usimwambie kitu.

Devotha


Same,
13 Aprili 2025, Jumapili ya Matawi

Shangazi,

Shikamoo. Ulisema nisiandike na ninaandika. Nitaeleza.

Bibi amedhoofika. Anakula vijiko vitatu, vinne, kisha anafunga mdomo kama mtoto. Mvua zimeanza na anasikia baridi ambayo sisi hatuisikii. Jambo jingine ni kwamba ananiita Devotha. Ilianza wiki tatu zilizopita. Nikimgeuza anasema, "Devotha, taratibu." Mwanzoni nilimsahihisha. Sasa naitika.

Jana Baba na Mama walikwenda msibani, nikabaki naye peke yangu. Nilipiga magoti pale kitandani, nikamwambia kwa Kipare changu kibovu, kwamba siku ile ndani ya gari nilikuwa mimi Agape, kwamba sikujua linawaka, kwamba mimi ndiye niliyemsukuma. Nilisema yote kwa sauti, Shangazi. Ni mara ya kwanza nimesema yote mpaka mwisho. Alinisikiliza, akanishika kidole kimoja, akauliza, "Umeanua tangawizi, Devotha?"

Nikasema ndiyo, nimeanua.

"Yote?"

Nikasema yote. Akalala. Nilikuwa nimengoja karibu miezi minne anisamehe au anilaani, na nilichopewa ni hicho.

Sasa sababu ya kuandika. Jumatatu ya Pasaka kuna kikao kingine hapa kwetu. Baba Mdogo anakuja Ijumaa. Nilisikia Babu Loth akimwambia Baba barazani kwamba Bibi hana siku nyingi na mambo yapangwe mapema, na kwamba siku hiyo ikifika, aliyemsukuma asisimame na watoto wengine kaburini na asitupe udongo. Baba hakujibu. Babu Loth akasema, "Kunyamaza kwako nakuchukua kama ndiyo, Eliufoo." Nilikuwa nimeshika trei mlangoni. Ningeweza kusema pale. Vikombe vilikuwa vinagongana, Babu Loth akaniambia, "Binti, ingia, usiogope."

Nikaweka chai nikatoka.

Tangu hapo nimejaribu kila siku. Jumanne nilimfuata Baba mpaka ofisini kwake shuleni, na alipoinua uso akafikiri nimekuja kuomba ruhusa ya kwenda mkutano wa vijana, akasema nenda tu. Nikaenda. Kwenye mkutano wenyewe walipoita wenye maombi nilisimama, nikakaa. Mdomo unafunguka lakini hakuna kinachotoka, nahisi kama kuna mtu ndani yangu ameshika kitasa kwa upande wa pili. Hata sasa sijui hiyo sauti niliyompa Bibi jana niliitoa wapi. Labda ni kwa sababu alikuwa hanisikii mimi.

Barua zote nilizokuandikia niliziandika nikisikiliza miguu. Nikisikia mtu anakuja naingiza karatasi ndani ya kitabu cha baiolojia, nafungua ukurasa wa moyo, najifanya nasoma mishipa. Mama anajua. Baba hupita akasema, "Pumzika basi, mtihani ulishapita," na anapita.

Leo ametoka ibadani moja kwa moja kwenda kwa mzee mmoja wa ukoo kuthibitisha majina ya watakaokuja Jumatatu. Sasa ni saa nane na nusu. Mama amelala na kitenge usoni. Bibi yuko macho, anatazama dirisha. Niko mezani, hapa sebuleni, uso kwa mlango.

Nimeandika sentensi moja katikati ya karatasi nyingine, kwa herufi kubwa kama za ubaoni, ili aione hata kabla hajavaa miwani. Inasema: MIMI AGAPE NDIYE NILIYEKUWA NDANI YA GARI LILIPOMSUKUMA BIBI. Nyuma yake nimeandika kwamba Shangazi alikuwa barabarani. Sikuandika na nani. Hilo ni lako.

Sijui atafanya nini. Nadhani nitakuwa nimempokonya mdogo wake na kumrudishia dada yake, na sijui mtu mzima anapokeaje vitu viwili hivyo kwa mkono mmoja. Labda atanyamaza, kama alivyonyamaza kwa Babu Loth, na watu watasoma tena kunyamaza kwake wanavyotaka. Labda kikao kitakaa vilevile. Sina uwezo wowote juu ya hilo, Shangazi. Wala sidhani nimekuwa jasiri.

Geti limefunguka. Ni yeye, anasalimiana na jirani. Jirani anamwuliza hali ya Bibi. Anasema, "Tunashukuru."

Ameingia uani. Anaparuza viatu kwenye jiwe kuondoa tope. Kiatu cha kwanza. Kitabu cha baiolojia kiko hapa na mkono wangu umeshakigusa.

Nimekisukuma kimeanguka chini. Kiatu cha pili. Anauliza kama kuna mtu ndani, na mimi sina sauti ya kuitika, kwa hiyo nimeiweka ile karatasi upande wa mlango, maandishi yakimtazama yeye, na ninaendelea kukuandikia kwa sababu nikiacha nitaificha